Mercedes C200 inagoma kubadili gia: inua zulia kabla hujanunua giaboksi

Swali

Habari za kazi, fundi. Niko Dodoma. Mwaka jana nilinunua Mercedes-Benz C200 Kompressor ya mwaka 2005 iliyotoka Japani, sasa ina kilomita 148,000. Mwezi uliopita nikitokea Morogoro, pale Gairo nilipunguza mwendo kuvuka tuta. Nilipoanza kuondoka gari lilipiga kishindo kidogo kama limeguswa nyuma, kisha likagoma kubadili gia. Nikiwa spidi 60 mshale wa injini ulisimama karibu na 4,000, wakati siku zote kwa spidi hiyo unasoma kama 1,650. Nilisimama, nikazima, nikakaa kidogo, nikawasha, likaenda vizuri mpaka nyumbani. Tangu siku hiyo limerudia mara tatu, zote baada ya safari ndefu au foleni ya jua kali. Asubuhi halina shida kabisa, D na R zinaingia papo hapo. Kuna jingine: kati ya spidi 60 na 80, nikikanyaga mafuta kidogo tu, gari linatetemeka sekunde chache kama linapita kwenye rasta. Nikikanyaga zaidi linaacha. Fundi wangu hapa anasema giaboksi imekufa, na ipo used Dar ya shilingi milioni tatu na nusu. Nifanyeje? Sina hela ya kubahatisha.

Jibu

Nzuri, dada yangu, na pole kwa usumbufu. Hiyo milioni tatu na nusu iache ilipo kwanza. Kwa ulivyoeleza, naona magonjwa mawili tofauti ndani ya gari moja, na mpaka sasa hakuna hata moja linalonionyesha kwamba giaboksi imekufa.

Nimefurahi sana kwamba uliangalia mshale. Watu wengi huniandikia tu "gari zito" au "gia zinagoma," na hapo siwezi kusema kitu. Wewe umenipa namba mbili zinazofanya nusu ya kazi. Chukua 4,000 ugawanye kwa 1,650. Unapata 2.42. Sasa, giaboksi ya gari lako ni ya gia tano. Mafundi wa Mercedes wanaijua kwa namba yake, 722.6. Kwenye injini ndogo kama yako, uwiano wa gia ya pili ni 2.41, na wa gia ya nne ni 1.00. Maana yake ni kwamba kwa mwendo ule ule, injini ikiwa gia ya pili inazunguka mara 2.41 zaidi ya inavyozunguka gia ya nne. Siku za kawaida ukiwa spidi 60 kwenye tambarare, gari lako huwa gia ya nne. Siku ile Gairo lilikuwa gia ya pili, na lilikuwa limeishika barabara.

Hilo neno "limeishika" ndilo la kuzingatia. Klachi za ndani ya giaboksi zikiwa zimeungua, gia huteleza: injini inapanda, mwendo haupandi, na ukipiga hesabu kama hii unapata namba isiyolingana na gia yoyote. Labda 2.9, mara 3.2, inayumba kila unapokanyaga. Yako imetua juu ya gia ya pili kabisa. Gari lilikuwa na gia nzima, isipokuwa lilikataa kuiacha.

Na lilikataa kwa makusudi. Giaboksi hii inaongozwa na kontrol boksi yake yenyewe, tofauti na ya injini. Kontrol boksi hiyo inasikiliza sensa za mzunguko zilizo ndani ya giaboksi, kisha inafungua na kufunga solenoidi zinazopeleka mafuta kwenye klachi. Siku ikipata taarifa isiyoeleweka haibahatishi. Inakata umeme wa solenoidi, na gari linabaki na gia iliyokuwepo wakati huo. Wewe ulikuwa unavuka tuta, upo gia ya pili, basi ukabaki nayo. Ukizima kabisa na kuwasha, kama hitilafu imeondoka, kila kitu kinarudi. Kama bado ipo, unabaki na gia ya pili na rivasi tu, ili angalau ufike gereji. Waliobuni mfumo huu waliweka njia ya kukurudisha nyumbani, nasi huku mitaani tumeigeuza kuwa cheti cha kifo cha giaboksi. Inaniuma, kwa sababu najua ni giaboksi ngapi nzima zimeuzwa kwa bei ya chuma chakavu kwa kosa hili.

Sasa tuje kwenye joto. Umesema inatokea gari likiwa limepata joto na kupona likipoa. Kitu kinachokatika kwa joto na kuunga kwa baridi mara nyingi ni umeme: sensa, kiungo cha soketi, njia ya shaba iliyopasuka kidogo. Kabla ya kufika huko, fundi apime betri na jenereta. Injini ikiwa imezimwa betri isome volti 12.4 au zaidi, ikiwa inaunguruma isome kati ya 13.5 na 14.5, na taa na feni ziwe zimewashwa. Kontrol boksi ya gia ikikosa umeme wa kutosha nayo huleta vituko hivi hivi. Ni kipimo cha dakika tano.

Baada ya hapo isomwe kumbukumbu ya hitilafu, yaani kodi (namba za makosa). Hapa kuwa mkali kidogo, dada. Kile kimashine kidogo cha kuchomeka na kusomea kwenye simu huishia kwenye injini. Kontrol boksi ya gia ya gari hili hakiifikii, hivyo mtu anakwambia "hakuna kodi" kumbe hajagonga mlango wenyewe. Tafuta mwenye Star Diagnosis au mashine nyingine inayoingia Mercedes vizuri. Kodi zipigwe picha kabla ya mtu yeyote kufuta chochote, na usikubali betri itolewe "ili kuriseti." Tunatafuta hasa kodi tatu. P2200 ni sensa ya mzunguko inayoitwa N2. P2203 ni mwenzake, N3. P2502 inasema gia iliyoingia hailingani na hesabu, au gia inateleza. Mbili za kwanza zinanipeleka kwenye umeme moja kwa moja. Ya tatu inanifanya nisimame nifikiri, kwa sababu inaweza kuletwa na sensa inayodanganya na inaweza kuletwa na klachi inayoteleza kweli. Ikitokea hiyo peke yake, tutahitaji kuangalia namba gari likiwa linatembea, nitaeleza hapa chini.

Lakini kabla ya kuendesha, inua zulia.

Nitakueleza kisa kimoja. Mzee mmoja aliniletea C180 ya umbo hili hili. Ndani ya mwaka mmoja gereji nyingine ilikuwa imeshamfungia giaboksi mbili za used, na gari bado lilikuwa linakwama gia ya pili. Alipofika kwangu alikuwa hataki tena kusikia habari ya gari hilo, alitaka tu nimtafutie mnunuzi. Nikamwomba nusu saa. Nikainua zulia upande wa miguu ya abiria wa mbele, nikatoa bodi iliyo chini yake, kontrol boksi ya gia ikaonekana. Nikachomoa soketi yake, nikachukua tishu nyeupe nikaikunja ncha kali, nikaigusisha kwenye vipini vya soketi. Ikatoka na doa jekundu. Nikamwonyesha mzee ile tishu. Akanusa, akasema, "Hii si haidroliki ya gia?" Ndiyo yenyewe. Giaboksi iko chini ya gari, kontrol boksi iko ndani kwenye zulia, kati yao kuna waya tu. Na mafuta yalikuwa yamepanda.

Yanapandaje? Ubavuni mwa giaboksi kuna soketi ya duara yenye vipini 13. Ndani yake kuna plagi ya plastiki inayopita kwenye ukuta wa giaboksi, na imezuiwa mafuta kwa oringi (pete za mpira) mbili. Miaka ikipita, oringi zinakauka na kuwa ngumu kwa joto, mafuta yanaanza kupenya, yanaingia katikati ya nyuzi za waya, na nyuzi zile zinayavuta kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Mwisho wa safari ni kwenye kontrol boksi. Mafuta yakikaa kwenye vipini yanavuruga mawasiliano, na gari linaanza kujikinga. Unaweza kubadili giaboksi tatu mfululizo usiguse ugonjwa huu, kwa sababu soketi ya juu na waya ni zile zile.

Kwa hiyo kwako: zulia liinuliwe, soketi ichomolewe gari likiwa limezimwa na ufunguo umetolewa, na tishu nyeupe ipitishwe. Ikitoka nyekundu au kahawia, tumepata mhalifu mmoja. Dawa yake ni kubadili ile plagi ya oringi mbili kule chini, ambayo ni miongoni mwa spea za bei ndogo kabisa kwenye gari hili, kisha kusafisha soketi na kontrol boksi kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia umeme. Petroli isitumike, inaharibu plastiki na ni hatari ndani ya gari. Na ujue waya uliokwishanyonya mafuta utaendelea kuyatoa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa hata baada ya kuziba chanzo, hivyo rudia kufuta kila baada ya siku chache mpaka tishu itoke kavu. Watu hukata tamaa hapo katikati, wakidhani matengenezo yameshindikana.

Tukiwa kwenye habari ya mafuta kupanda waya, injini yako ya M271 ina tabia hiyo hiyo kwa upande wake. Mbele ya injini kuna sumaku mbili za kurekebisha kemshafti. Zikivuja, oili ya injini hufuata waya mpaka kontrol boksi ya injini. Fundi achomoe plagi zake aangalie. Haihusiani na kukwama gia, ila akiwa tayari na tishu mkononi asiache.

Turudi kwenye giaboksi. Ikiwa zulia ni safi na kodi zinataja N2 au N3, mshukiwa ni kondakta pleti. Hili ni bati la plastiki lenye njia za shaba ndani yake, limekaa juu ya vali bodi (sehemu yenye njia na vali za mafuta), limezama kwenye mafuta ya moto maisha yake yote. Solenoidi 6 zinapata umeme kupitia kwake, na sensa zote mbili za mzunguko zimejengwa humo humo, pamoja na sensa ya joto. Sensa zikizeeka hukatika zikipata joto, kama unavyoelezea.

Kuna njia nzuri ya kulithibitisha bila kufungua kitu. Mashine ionyeshe N2 na N3 pamoja gari likiwa linatembea, mtu mmoja aendeshe, mwingine asome. Kwenye giaboksi hii gia ya pili, ya tatu na ya nne namba hizo mbili lazima ziwe sawa. Gia ya kwanza na ya tano, N2 lazima isome sifuri, kwa sababu sehemu inayopimwa inakuwa imeshikwa na breki ya ndani. Endesheni mpaka gari lipate joto la safari ndefu. Ukiona upo gia ya tatu, N3 inasoma 2,100 na N2 inaruka kutoka 2,100 kwenda sifuri na kurudi, hakuna chuma kinachoweza kusimama na kuzunguka tena kwa kasi hiyo. Hiyo ni sensa. Na kama ile P2502 ilikuwa peke yake, hapa ndipo inapojulikana: namba zikiwa tulivu lakini mshale wa injini unapanda bila mwendo, klachi inateleza kweli, na nitaomba radhi kwa fundi wako.

Kondakta pleti hubadilishwa bila kushusha giaboksi. Unamwaga mafuta, unatoa sampu (bakuli la mafuta chini ya giaboksi) na filta, unashusha vali bodi, unahamisha solenoidi zako kwenye pleti mpya, unarudisha. Usafi wake uwe kama wa chumba cha upasuaji, wala sitanii. Chembe moja ya mchanga kwenye vali bodi inatosha kukwamisha vali. Boliti za vali bodi na za sampu zinakazwa kwa spana ya kupimia, nyutonimita 8 tu. Mtu akikwambia pleti mpya lazima iandikwe programu upya na kuunganishwa na ufunguo wa gari, anachanganya na giaboksi ya gia saba, 722.9, ambayo kontrol boksi yake imo ndani pamoja na pleti. Yako iko juu kwenye zulia. Pleti mpya inafungwa inafanya kazi. Ninunue used? Hapana. Plastiki hiyo imepikwa miaka ile ile kama ya kwako, na kazi ya kuishusha ni ile ile. Hapa nunua mpya.

Kama hakuna doa kwenye tishu, N2 na N3 zimetulia, na bado gari linakwama, muulize fundi kama taa ya ABS au ESP huwaka pamoja. Giaboksi hii haina sensa ya mzunguko wa kutokea. Inahesabu mwendo kwa kutumia sensa za magurudumu. Sensa ya gurudumu la nyuma ikichafuka au waya wake ukikatika, giaboksi nayo inapotea.

Sasa ugonjwa wa pili, ule wa rasta. Huu unanitia wasiwasi zaidi ya wa kwanza, ingawa wewe umeutaja mwishoni kama jambo dogo.

Kati ya injini na giaboksi kuna toki konvata. Ndani yake kuna klachi inayofunga ukiwa kwenye mwendo wa utulivu ili isipoteze nguvu. Kwenye 722.6 klachi hii hufungwa kwa kuachiwa kuteleza kidogo sana kwa kipimo. Mafuta yakiwa yamechoka au si ya aina yake, ule utelezi mdogo unageuka kushika na kuachia, kushika na kuachia, mara nyingi kwa sekunde. Ndiyo hiyo rasta yako. Ukikanyaga zaidi, kontrol boksi inaifungua klachi au inashusha gia, mtetemo unaondoka.

Lakini hakikisha kwanza. Kukiwa na koili au plagi mbovu, injini nayo hutetemeka, ila mara nyingi huzidi unapokanyaga sana, hasa mlimani. Yako inaacha ukikanyaga, hivyo injini naiweka pembeni. Tairi au shafti hutetemeka kwa kufuata mwendo, haijali umekanyaga kiasi gani. Jaribio ni hili: ukiwa spidi 70 na mtetemo umeanza, sukuma lever kushoto mara moja ishuke gia moja, mwendo ukibaki ule ule. Mtetemo ukikatika hapo hapo, si tairi.

Swali kubwa ni kwa nini mafuta yameharibika. Inaweza kuwa umri tu. Mercedes mwanzoni walisema mafuta ya giaboksi hii ni ya maisha yote ya gari, na baadaye wakarudi kupanga yabadilishwe kwenye kilomita 60,000. Gari lako lina 148,000, na sidhani kama kuna aliyeyagusa. Lakini kuna sababu nyingine mbaya zaidi. Mafuta ya giaboksi hupoozwa ndani ya rejeta, kwenye bomba lililozungukwa na maji ya kupoozea injini. Magari ya umbo hili yamewahi kupata rejeta ambazo ukuta huo wa ndani hupasuka, maji yenye kulenti (dawa ya kupoozea) yakaingia kwenye mafuta ya gia. Kiasi kidogo sana kinatosha. Kulenti inapenya kwenye ngozi za klachi, inalainisha gundi inayozishika, na dalili ya kwanza kabisa huwa mtetemo kama wako.

Basi sampu ishushwe, na wewe uwepo. Usiletewe taarifa, simama pale. Mafuta yakiwa ya waridi yenye ukungu kama maziwa yaliyotiwa rangi, maji yameingia, hakuna mjadala. Yakiwa mekundu iliyokolea au kahawia bila ukungu, chukua matone machache uyadondoshe kwenye bati lililopashwa moto: yakirukaruka na kutoa mlio wa kukaanga, kuna maji. Halafu angalia sumaku iliyo kwenye sampu. Tope laini la kijivu, kama risasi ya penseli, ni uchakavu wa kawaida wa miaka 20. Pitisha kidole, kikitelezea laini ni sawa. Ukikuta vipande vinavyochoma kidole, au chembe za rangi ya dhahabu, au vipande vyeusi vya ngozi ya klachi, piga picha karibu, mbele ya dirisha kwenye mwanga wa mchana, unitumie kabla ya kuamua lolote.

Mafuta mapya yawe yenye idhini ya MB 236.14, imeandikwa kwenye kopo. Haidroliki nyekundu ya kwenye dumu la jumla haifai hapa, hata kama rangi ni ile ile. Giaboksi nzima inachukua kama lita 8. Ukimwaga sampu peke yake unapata karibu nusu, nyingine inabaki kwenye toki konvata. Kama konvata yako ina nati ya kumwagia, izungushwe mpaka ifikiwe. Kama haina, mwaga sampu, endesha wiki moja, mwaga tena. Filta mpya na gasketi mpya kila mara.

Kujaza ndipo wengi wanapoharibu. Gari halina kijiti cha kupimia. Kuna bomba tu lenye kifuniko, na fundi lazima awe na kijiti chake maalumu. Kipimo kinasomwa mafuta yakiwa nyuzi 80, injini inaunguruma, lever kwenye P, gari limesimama sawa. Yakipungua giaboksi inavuta hewa, yakizidi yanapigwa na vyuma mpaka yatoe povu, na povu nalo ni hewa. Na kuna mtego hapa uliowapoteza mafundi wazuri: lever ikiwa P au N, mashine haionyeshi joto la mafuta ya gia, inaonyesha joto la maji ya injini, kwa sababu sensa ile imeungwa pamoja na swichi ya P na N. Fundi anaona 85 anadhani mafuta yameiva kumbe yako 45, anajaza kupita kiasi. Akanyage breki, aweke D, asome joto la kweli, ndipo arudi P apime.

Kukiwa na dalili yoyote ya maji, rejeta ibadilishwe kabla mafuta mapya hayajaingia. Ikiwa mafuta hayana maji, mabadiliko mawili ya mafuta sahihi huondoa mtetemo mara nyingi, na wakati sampu iko chini ningebadili pia solenoidi ya konvata, kwa kuwa ikichakaa inaleta dalili hizo hizo. Ikiwa kulenti imeingia muda mrefu, sitakudanganya: konvata italazimika kutengenezwa au kubadilishwa, na klachi za ndani zikaguliwe. Hapo peke yake ndipo mazungumzo ya giaboksi nyingine yana maana. Na hata hivyo ile used ya Dar lazima namba yake iliyogongwa ubavuni juu ya sampu ilingane na ya kwako, na sampu yake ifunguliwe mbele yako kabla ya kulipa. Anayekataa kufungua sampu, mwachie giaboksi yake.

Wakati unatafuta mashine, endesha mjini tu, uepuke foleni ya saa saba mchana. Likikwama, zima, weka P, hesabu mpaka kumi, washa. Likigoma kurudi, nenda taratibu mshale usizidi 3,000, ambao kwa gia ya pili ni kama spidi 45. Ukilazimika kuvutwa, lever iwe N, mwendo usizidi 50, na umbali usizidi kilomita 50. Zaidi ya hapo gari lipakiwe, kwa sababu injini ikiwa imezima pampu ya mafuta haizunguki na vyuma vinasagana vikavu.

Kazi ikimalizika, mashine ifute mazoea ya zamani ya kubadili gia, kisha uendeshe kwa mguu mwepesi kwa siku mbili tatu, ukianza kutoka kusimama kabisa mpaka gia ya tano mara nyingi uwezavyo. Usishtuke gia zikiwa na vishindo vidogo mwanzoni. Halafu rudi barabara ya Gairo wakati wa mchana. Gari likishapata joto, punguza mwendo kwenye tuta lile lile, ondoka, fika spidi 60 uangalie mshale. Niandikie unachosoma, na kama ni karibu na 4,000 tena, soma na kodi kabla ya kuzima.